Kwa nini ruta inakataa 10.20.64.8/27, na namna ya kugawa fungu la /22

Swali: Mwalimu, nimepewa 10.20.64.0/22 niipangie ofisi yenye vitengo vinne. Kimoja kina vifaa 400, kingine 180, cha tatu 90 na cha nne 25. Juu ya hapo kuna viungo viwili vya ruta kwa ruta. Nilianza na viungo kwa kuwa ni vidogo, nikavipa 10.20.64.0/30 na 10.20.64.4/30, kisha nikaendelea na anwani iliyofuata: kitengo cha vifaa 25 nikakipa 10.20.64.8/27. Ruta imekataa, inadai anwani zinaingiliana. Sioni zinaingiliana wapi, maana 8 inakuja baada ya 7. Pili, kwenye mitihani tunaulizwa anwani kama 172.16.93.201/20 iko kwenye sabneti ipi (kipande kipi cha mtandao), nami huwa napotea kwenye kubadilisha namba kuwa sifuri na moja. Kuna njia fupi?

Jibu: Ruta iko sahihi, na kujumlisha kwako pia hakuna kasoro. Kilichokuponza ni kudhani kwamba fungu la anwani linaweza kuanzia popote palipo wazi. Haliwezi. Fungu la anwani 32 huanzia kwenye kigawe cha 32 tu: 0, 32, 64, 96, 128, 160, 192 au 224. Fungu la 64 huanzia 0, 64, 128 au 192. Fungu la 4 huanzia kwenye kigawe cha 4. Ukilishika hilo moja, maswali yako yote mawili yanafunguka.

Ulipoandika 10.20.64.8/27, ulikusudia fungu linaloanzia 8 na kuishia 39. Ruta haikuliona fungu hilo, kwa sababu halipo. Iliona anwani iliyomo ndani ya fungu la 0 hadi 31, na humo tayari ulishaweka viungo vyako viwili. Huko ndiko kuingiliana inakokulalamikia.

Sababu iko kwenye biti, na inafaa uione kwa macho mara moja ili usije ukaikariri kama kasuku. Anwani ya IPv4 ni biti 32, zilizopangwa katika okteti nne za biti nane nane. Namba inayofuata mkwaju (alama ya /) inasema biti ngapi za kushoto zinautaja mtandao. Zinazobaki kulia zinakitaja kifaa. Kwenye /27 zinabaki biti tano, na 2 kwa kipeo cha 5 ni 32. Kompyuta ikitaka kujua iko mtandao gani, inachukua anwani yake, inazigeuza biti za kifaa zote kuwa sifuri, na kinachobaki ndicho anwani ya mtandao. Kazi ya maski (namba ileile ya mkwaju ikiandikwa kwa okteti nne) ni hiyo tu: kuonyesha biti zipi zibaki na zipi zifutwe.

Sasa iandike ile okteti yako ya mwisho. Namba 8 ni 00001000. Futa biti tano za kulia, mbele inabaki 000, jibu ni 0. Namba 31 ni 00011111. Ukifuta tano za kulia, nayo ni 0. Namba 32 ni 00100000, na hapo biti tatu za mbele zimeshabadilika kuwa 001. Kwa hiyo fungu ulilolitaka linakatika katikati: 8 hadi 31 zinaanza na 000, 32 hadi 39 zinaanza na 001. Hakuna maski itakayoziweka pamoja bila kubeba na majirani wao wote, kuanzia 0 hadi 63.

Tuje kwenye ofisi yako. /22 inaacha biti 10 za kifaa, hivyo una anwani 1,024, kuanzia 10.20.64.0 hadi 10.20.67.255. Kwenye okteti ya tatu fungu hili lina upana wa 4, na 64 inagawanyika kwa 4 bila baki, kwa hiyo ni halali. Ungekuwa umepewa 10.20.65.0/22 ningekwambia uirudishe kwa aliyekupa kabla hujaanza kazi.

Anza na kitengo kikubwa. Vifaa 400 havienei kwenye 256, kwa hiyo vinahitaji 512, yaani /23: ni 10.20.64.0/23, inaishia 10.20.65.255. Cha vifaa 180 kinaenea kwenye 256: ni 10.20.66.0/24. Cha 90 kinahitaji 128: ni 10.20.67.0/25, inaishia 10.20.67.127. Cha 25 kinahitaji 32: ni 10.20.67.128/27, inaishia 10.20.67.159. Jumla umetumia 928, zimebaki 96, na viungo vyako viwili vitachukua 8 kati ya hizo.

Umeona kwamba sikuhangaika hata mara moja kutafuta kigawe? Hiyo ndiyo faida ya kushuka kutoka kubwa kwenda dogo. Mafungu yote ni vipeo vya 2, kwa hiyo pale fungu kubwa linapoishia, anwani inayofuata ni kigawe cha kila ukubwa ulio chini yake. Mpangilio unajinyoosha wenyewe. Wengi hufundisha kwamba kuanza na dogo ni kosa. Si kosa, ni usumbufu. Hata kwa mtindo wako ingewezekana: viungo kwenye 64.0 na 64.4, kisha unaruka hadi 64.32 kwa /27, unaruka tena hadi 64.128 kwa /25, halafu 65.0 kwa /24 na 66.0 kwa /23. Inaenea. Ila kila hatua ilikudai ukumbuke kuruka, na ukisahau mara moja unarudi kwenye malalamiko ya ruta.

Viungo je? Jibu la mtihani ni 10.20.67.160/30 na 10.20.67.164/30, moja baada ya nyingine, na utapata maksi zako. Kazini nisingeviweka hapo. Kitengo cha vifaa 25 kina /27: anwani 32, toa ya mtandao na ya tangazo (ya mwisho, ya kuwafikia wote kwa pamoja), zinabaki 30, toa ya lango (ruta ya kutokea nje), zinabaki 29. Vifaa vinne vikiongezeka umejaa, na printa na simu za mezani huwa haziulizi ruhusa. Kwa hiyo acha 160 hadi 191 wazi, na viungo vipeleke mwisho kabisa wa fungu: 10.20.67.248/30 na 10.20.67.252/30. Kitengo kikikua, unabadilisha maski kutoka /27 kwenda /26 na basi. Fungu linaendelea kuanzia 128, ambayo ni kigawe cha 64 vilevile, lango halibadiliki, hakuna kifaa kinachopewa anwani mpya. Kinachosogea ni anwani ya tangazo tu, kutoka 159 hadi 191. Ungeweka viungo kwenye 160, siku hiyo ungeanza kung'oa mipangilio ya ruta saa za usiku.

Tukiwa hapo kwenye viungo: /30 inatumia anwani nne ili kuunganisha ruta mbili, nusu yake inapotea. Tangu mwaka 2000, kwa waraka wa RFC 3021 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), kiungo cha ncha mbili kinaruhusiwa kutumia /31, yaani anwani mbili tu, bila ya mtandao wala ya tangazo. Ruta nyingi za leo zinaikubali. Kwenye mtihani andika /30, isipokuwa swali limeitaja /31 yenyewe.

Swali la pili. Njia fupi ipo, na sifuri na moja haziguswi. Tafuta kwanza mkwaju unaangukia okteti ipi: 1 hadi 8 ni ya kwanza, 9 hadi 16 ya pili, 17 hadi 24 ya tatu, 25 hadi 32 ya nne. /20 iko kwenye ya tatu. Kisha tafuta upana wa fungu ndani ya okteti hiyo. Okteti ya tatu inaishia kwenye biti ya 24. 24 toa 20 ni 4. 2 kwa kipeo cha 4 ni 16. Kama umepewa maski badala ya mkwaju, toa okteti husika kwenye 256: maski ya /20 ni 255.255.240.0, na 256 toa 240 ni 16 ileile.

Sasa gawanya 93 kwa 16. Inaingia mara 5, na baki halikuhusu. 5 mara 16 ni 80. Basi mtandao ni 172.16.80.0. Fungu linalofuata linaanzia 80 jumlisha 16, yaani 172.16.96.0, rudi nyuma anwani moja na umepata ya tangazo: 172.16.95.255. Vifaa vinatumia 172.16.80.1 hadi 172.16.95.254, jumla 4,094. Ile 201 ya mwisho haikufanya kazi yoyote. Imewekwa hapo kukutisha.

Ukitaka kuhakiki kwa biti, 93 ni 01011101. /20 inashika nne za kushoto, 0101, na 01010000 ni 80. Njia ni moja. Ya kwanza imefunika biti kwa mgawanyo wa kawaida.

Fanya haraka na hii: 192.168.5.77/28. Okteti ya nne, 32 toa 28 ni 4, upana 16. 77 kwa 16 ni mara 4, kwa hiyo 64. Mtandao 192.168.5.64, tangazo 192.168.5.79. Ukizoea utaifanya kichwani huku mtu bado anakutajia namba kwenye simu. Kitakachokusaidia zaidi ni kuzijua kwa moyo okteti za maski, ambazo ni tisa tu: 0, 128, 192, 224, 240, 248, 252, 254 na 255. Ukiona maski yenye 230 au 250, usiihesabu. Aliyeiandika amekosea, kwa kuwa moja za maski hukaa mfululizo kuanzia kushoto.

Kuna jambo kwenye mfano ule wa /20 ambalo huwashtua hata watu wenye uzoefu. Anwani 172.16.85.0 na 172.16.90.255 ni anwani za kawaida za vifaa. Sifuri ya mwisho haimaanishi mtandao, wala 255 ya mwisho haimaanishi tangazo. Inategemea mkwaju uko wapi. Katika ofisi yako hali ni hiyohiyo: 10.20.64.255 na 10.20.65.0 ziko katikati ya fungu la vifaa 400 na DHCP, huduma inayovigawia vifaa anwani, itazigawa bila wasiwasi. Wapo wasimamizi wanaoziondoa kwenye orodha ya kugawiwa kwa kuwa baadhi ya vifaa na programu za zamani huzikataa. Huo ni uangalifu wao tu, hakuna kanuni inayowataka.

Ukifungua vitabu vya zamani utakutana na fomula mbili zinazofanana: idadi ya vifaa ni 2 kwa kipeo cha biti za kifaa, toa 2, na idadi ya sabneti nayo ni 2 kwa kipeo cha biti za sabneti, toa 2. Ya kwanza ni sahihi. Ya pili ilikuwa na sababu yake zamani. Sabneti zilipoanzishwa rasmi mwaka 1985, kwa RFC 950, sabneti yenye biti za sifuri tupu na yenye biti za moja tupu zilizuiwa zisichanganywe na anwani za mtandao mzima, maana ruta za wakati ule hazikutumiana maski. Zilikisia mtandao kutokana na madaraja ya A, B na C. Mwaka 1993 yalikuja mabadiliko ya CIDR, mkwaju ukachukua nafasi ya madaraja, na kukisia kukakoma. Kwa hiyo ukigawa /24 kuwa mafungu ya /26 unapata manne, na yote manne yanatumika. Anayekwambia ni mawili anasoma kitabu cha zamani. Madaraja yenyewe yajue kwa ajili ya mtihani. Kwenye ruta ya leo mkwaju ndio unaoamua.

Sasa, kitakachokusumbua zaidi kazini si kugawa bali maski iliyoingizwa vibaya kwenye kifaa kimoja, kwa sababu haivunji kila kitu. Inavunja nusu. Chukua seva ya kitengo cha 90, tuseme 10.20.67.20. Maski yake inatakiwa iwe 255.255.255.128. Mtu akaweka 255.255.255.0 kwa mazoea. Intaneti inafanya kazi, majirani wa 67.1 hadi 67.126 wanaonekana, na vitengo vya 64, 65 na 66 vinafikika. Ila kompyuta ya 10.20.67.140, iliyo kwenye kitengo cha vifaa 25, haifikiki. Kwa nini? Kwa sababu seva inaamini 67.140 ni jirani yake wa swichi moja. Badala ya kuipelekea pakiti lango, inapaza sauti kwenye swichi kuuliza nani ana anwani hiyo, na mwenye nayo yuko upande wa pili wa ruta, hasikii. Mara nyingine ruta huitikia kwa niaba yake, tatizo likajificha kwa miezi, hadi siku uitikiaji huo unapozimwa.

Kosa la upande wa pili ni pole zaidi lakini linachanganya zaidi. Kompyuta ya kitengo kikubwa, 10.20.64.50, imewekewa /24 badala ya /23. Ikitaka kuongea na 10.20.65.20, inadhani iko mbali, inapeleka kwa lango, na lango linarudisha pakiti kwenye swichi ileile. Jibu linakuja moja kwa moja bila kupitia lango. Mazungumzo yanafanyika, ila kwenda ni njia moja na kurudi ni nyingine, na ukiwa na ukuta wa moto (kichujio cha usalama) hapo kwenye lango, ukuta huo unaweza kuyakata kwa kuwa umeona nusu tu ya mazungumzo. Ukisikia mtu anasema "kwa wengine inafika, kwa wengine haifiki", kagua maski kabla hujagusa nyaya.

Uchaguzi wa fungu lenyewe umeshafanyiwa, nami nakubaliana na aliyechagua. Mafungu ya binafsi kwa mujibu wa RFC 1918 ya mwaka 1996 ni matatu: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. La kati huwachanganya watu. /12 ina upana wa 16 kwenye okteti ya pili, kwa hiyo linaanzia 172.16.0.0 na kuishia 172.31.255.255. Ukitumia 172.32 ndani ya ofisi umechukua anwani za umma za watu wengine, na tovuti zao hutazifikia. Kuhusu 192.168.0.0/24 na 192.168.1.0/24, ziepuke ofisini: ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani na mojawapo ya hizo, na mfanyakazi akiunganisha VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi) kutoka nyumbani, kompyuta yake itaitafuta seva ya ofisi chini ya meza yake mwenyewe.

Kama sehemu ya ofisi hiyo itahamia kwenye wingu, usibebe hesabu ya toa mbili kama ilivyo. AWS, wingu la Amazon, huzuia anwani tano katika kila sabneti, nne za mwanzo na moja ya mwisho, na haikubali fungu dogo kuliko /28. Kwa hiyo /28 inakupa vifaa 11 badala ya 14. Azure ya Microsoft nayo huzuia tano. Hesabu ya vigawe haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni unachobakiwa nacho.

Faida nyingine ya vigawe utaiona kwenye ruta ya makao makuu. Ofisi yako nzima, na mafungu yake yote sita, inatangazwa kwao kwa mstari mmoja tu: 10.20.64.0/22. Hilo linawezekana kwa sababu mafungu hayo yote yanashiriki biti 22 za kushoto. Ofisi jirani ikipewa 10.20.68.0/22, zote mbili zinaweza kuunganishwa kuwa 10.20.64.0/21, kwa kuwa 64 ni kigawe cha 8. Lakini 10.20.68.0/22 na 10.20.72.0/22 haziunganiki, ingawa zimepakana na ukubwa wake ni sawa: 68 si kigawe cha 8. Ni kosa lilelile la 8 na /27, limepanda ngazi tu.

Kabla ya kuingiza chochote kwenye ruta, pitisha mpango wako kwenye maktaba ya Python iitwayo ipaddress, inayokuja na Python yenyewe. Iite `ip_network('10.20.64.8/27')` na itakukatalia papo hapo, ikisema biti za kifaa hazijafutwa. Ukitumia `overlaps` kwa kila jozi ya mafungu, inakwambia yapi yanaingiliana. Vikokotoo vya mtandaoni navyo vinafanya kazi, ila vingi vyao ukiviandikia 64.8/27 vinairekebisha kimyakimya kuwa 64.0/27, na wewe hutajua kwamba ulikosea. Napendelea chombo kinachokataa.

Ukija kufika kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani za biti 128, hesabu ya vifaa haipo tena. Mtandao wa kawaida wa vifaa hupewa /64, ambayo ina anwani 2 kwa kipeo cha 64, na hakuna ofisi itakayoijaza. Ukipewa /48 unahesabu sabneti tu: biti 16 katikati ya 48 na 64, yaani sabneti 65,536. Zinaandikwa kwa tarakimu za msingi wa 16, na kila tarakimu ni biti nne, kwa hiyo ukikata kwenye /52, /56 au /60 mpaka unaangukia kwenye tarakimu kamili na unausoma kwa macho. Ukikata kwenye /58 unarudi kutafuta vigawe, safari hii vya 4 kwenye tarakimu moja: 0, 4, 8 na c.